Mama anaoga mwenyewe? Swali dogo linalowahusu wazee wetu

Tuseme, msomaji, Jumamosi asubuhi kijana mwenye kitambulisho shingoni na kompyuta ndogo mkononi anabisha mlango wako pale Umoja, Kisauni au Kondele. Anajieleza kuwa anafanya utafiti kuhusu afya ya wazee. Unamkaribisha, ukitarajia akuulize kama mama yako ana kisukari au presha. Badala yake anauliza: "Mama anaweza kuoga bila kusaidiwa? Anavaa nguo mwenyewe? Huenda msalani peke yake?"

Wengi wetu tungekasirika. Mambo ya mama na msala yanamhusu nini mgeni? Na wengine, kwa kumstahi mzazi, tungejibu upesi kwamba mama yuko sawa kabisa na anajifanyia kila kitu, ilhali ni dada yetu mdogo anayemwogesha kila siku tangu Krismasi.

Leo nataka nikueleze swali hilo lilitoka wapi, linafanya kazi gani, na kwa nini jibu lisilo la kweli, hata likitolewa kwa adabu, huwagharimu wazee na wale wanaowatunza.

Ugonjwa na mahitaji

Wachukue wazee wawili wenye umri wa miaka 75. Wa kwanza ana kisukari, presha na maumivu ya magoti, na kadi yake ya kliniki imejaa maandishi. Hata hivyo huamka alfajiri, hujichemshia chai, na kufikia saa mbili yuko sokoni akibishana na wauzaji kuhusu bei ya sukuma wiki. Wa pili hajawahi kuambiwa ana ugonjwa wowote. Lakini hawezi kuinuka kitini mpaka ashikwe mkono, na mjukuu wake huchelewa shuleni kila asubuhi kwa sababu ya kumvisha. Ukiwahesabu wawili hao kwa magonjwa, wa kwanza ndiye mgonjwa. Ukiwahesabu kwa mahitaji, wa pili ndiye anayehitaji mtu.

Sisi madaktari tulifundishwa kutafuta jina la ugonjwa, na kazi hiyo ina faida yake. Ila jina la ugonjwa halikwambii nani atamwogesha mzee kesho.

Aliyefungua njia katika jambo hili ni daktari Mmarekani, Sidney Katz, wa mji wa Cleveland. Mwaka 1963 yeye na wenzake walichapisha kipimo walichokitunga baada ya kuwafuatilia wagonjwa wazee, wengi wao wakiwa wamevunjika nyonga. Kipimo hicho kina mambo sita tu: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kujilisha. Mzee hupimwa kwa yale anayoyafanya bila msaada wa mtu.

Katz aligundua jambo ambalo mpaka leo hunisaidia kazini. Uwezo huu haupotei ovyo ovyo. Aghalabu kuoga hupotea kwanza na kula hupotea mwisho. Mgonjwa akipata nafuu, uwezo hurudi kwa kufuata mkondo wa nyuma: huanza kujilisha, kisha huinuka na kwenda msalani, na mwisho ndipo huweza kuvaa na kuoga. Mama yeyote aliyelea mtoto ataitambua njia hiyo, maana ndiyo mtoto anayoifuata anapokua. Sasa unaelewa kwa nini yule kijana mlangoni anaanza na kuoga. Anatafuta ufa wa kwanza ukutani.

Mwaka 1969 wataalamu wengine wawili, M. Powell Lawton na Elaine Brody, waliongeza mambo manane yanayohitaji akili na nguvu zaidi: kutumia simu, kununua vitu, kupika, kufanya kazi za nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa kwa wakati na kushika pesa. Haya huharibika mapema kuliko yale sita. Mzee anayeoga vizuri kabisa huenda tayari ameshindwa na pesa. Kwetu Kenya simu ndiyo mkoba na ndiyo benki, kwa hivyo mzee anayesahau namba yake ya siri ya M-Pesa kila wiki, au anayetuma pesa kwa kila tapeli anayempigia, anatuonyesha mambo mawili kwa mpigo.

Maswali haya manane yana mtego wake. Ukimuuliza babu kama anaweza kupika atasema hawezi. Je, hawezi kwa sababu mikono inatetemeka, au hajawahi kushika mwiko tangu azaliwe? Karani mzuri wa utafiti hutofautisha asiyeweza na asiyezoea. Karani mbaya huandika "hawezi" na kuendelea na swali linalofuata, na tayari takwimu zimeharibika.

Walivyofanya Wamarekani

Nchi iliyoonyesha mapema faida ya kuuliza hivi kwa mpango ni Marekani. Mwaka 1982 ilianzisha uchunguzi wa kitaifa kuhusu utunzaji wa muda mrefu, ukarudiwa mwaka 1984, 1989, 1994, 1999 na 2004. Majina yalitolewa katika orodha ya Medicare, bima ya serikali inayowahudumia karibu wazee wote wa huko wenye miaka 65 na zaidi. Kila mara waliingizwa watu takriban 20,000.

Utauliza watu 20,000 watasemaje kwa niaba ya mamilioni. Mpishi huonja mchuzi kwa kijiko kimoja na kujua kama chumvi imekolea, mradi ameukoroga sufuria nzima kwanza. Kuwachagua watu kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili ndiko kukoroga kwenyewe. Ukichukua wale tu waliofika hospitalini umeonja juu juu, na wale waliolala ndani bila mtu wa kuwapeleka wamebaki chini ya sufuria.

Uchunguzi huo ulikuwa na hatua mbili. Kwanza kila mmoja aliulizwa maswali mafupi: kuna jambo lolote kati ya haya ambalo hulifanyi mwenyewe, na hali hiyo imedumu, au inatazamiwa kudumu, siku 90 au zaidi? Kiwango hicho cha siku 90 kiliwekwa kwa makusudi. Aliyeteguka kifundo cha mkono atasaidiwa kufunga vifungo mwezi mmoja kisha apone, na huyo si mtu wa kutungiwa mpango wa miaka. Waliojibu ndiyo ndio waliohojiwa kwa urefu kuhusu nani huwasaidia, kwa saa ngapi, na nani hulipa. Kuanzia mwaka 1984 wazee walio katika nyumba za kutunzia wazee nao walihojiwa.

Kwa kuwa watu wale wale walirudiwa, watafiti waliweza kuona mwendo wa maisha ya mtu mmoja mmoja. Waliona waliodhoofika, kama walivyotarajia. Waliona pia wazee wasio wachache waliosajiliwa kama wasiojiweza ambao, waliporudiwa baada ya miaka miwili, walikuwa wamepata tena sehemu ya uwezo wao. Sisi husema "ni uzee tu" tukaacha. Takwimu hizo zinasema ngoja kwanza, mtazame vizuri.

Jambo lililoleta mjadala mkubwa zaidi lilitoka kwa Kenneth Manton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke. Walionyesha kwamba kati ya mwaka 1982 na 1999 sehemu ya wazee wa Marekani wenye ulemavu wa kudumu ilishuka kutoka asilimia 26.2 hadi asilimia 19.7. Hapo awali wengi walidhani kuwa maisha marefu ni sawa na kitanda kirefu, yaani kila mwaka unaoongezwa na dawa ni mwaka wa kulala na kubebwa. Kumbe mtu anaweza kuishi zaidi na vilevile kujitegemea zaidi. Elimu, matibabu ya presha, upasuaji wa mtoto wa jicho na wa viungo, na vifaa kama fimbo na vishikio bafuni vimetajwa miongoni mwa sababu. Bila kurudia swali la kuoga kwa miaka 17, hakuna ambaye angejua.

Mtunzaji asiyeonekana

Mwaka huo wa 1982 waliulizwa pia wanaowatunza wazee. Walipatikana watu wapatao milioni 2.2 wanaowahudumia jamaa na marafiki wasiojiweza bila malipo. Karibu robo tatu walikuwa wanawake. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 57, yaani wengi wao walikuwa wenyewe wakiukaribia uzee huku wakimwinua mume au mama. Baadhi yao walikuwa wameacha kazi za mshahara kwa ajili hiyo.

Hiyo ni Marekani, nchi ambayo sisi husema watu wake huwatupa wazee katika nyumba za kulelea. Ukweli ni kwamba huko nako familia ndiyo ilibeba sehemu kubwa ya mzigo, na ndani ya familia mwanamke. Tofauti ni kwamba wao walimhesabu. Hapa kwetu yule binti aliyeacha kibanda chake cha mboga ili amgeuze baba kitandani kila saa mbili asipate vidonda, huandikwa kwenye hojaji kuwa hana kazi.

Kenya tumeishia miaka mingapi?

Hebu sasa tutazame chunguzi kubwa za afya za hapa nyumbani. Ule wa idadi ya watu na afya, unaonukuliwa sana magazetini, ulipofanywa mwaka 2022 uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa miaka 15 hadi 54. Ule wa kupima virusi vya ukimwi wa mwaka 2018 ulikomea miaka 64. Ule wa mwaka 2015 kuhusu presha, kisukari na maradhi mengine yasiyoambukiza ulikomea miaka 69. Kila mmoja una sababu zake. Wa kwanza, kwa mfano, ulibuniwa zaidi kwa ajili ya uzazi na watoto. Lakini zipange pamoja uone: mama yako akishafika miaka 70, hakuna hata mmoja kati ya chunguzi hizo tatu unaombishia mlango amhoji au ampime.

Hasara yake si ya kubuni. Huko Agincourt, mashambani kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, mwaka 2014 na 2015 watafiti waliwapima zaidi ya watu 5,000 wenye miaka 40 na kuendelea, bila kuweka ukomo wa umri juu. Asilimia 23 walikuwa na virusi vya ukimwi. Watu ambao wengi walidhani wako nje ya mambo hayo walikuwa ndani kabisa. Usipouliza huoni, na usipoona hupeleki dawa.

Haimaanishi kuwa Kenya hatujui lolote. Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na kati yao wapatao milioni 2.7 walikuwa na miaka 60 na zaidi. Sensa hiyo iliuliza pia kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na majibu yalikuwa ya ngazi nne kuanzia kutokuwa na ugumu hadi kutoweza kabisa. Waliohesabiwa kuwa na ulemavu walikuwa asilimia 2.2 ya watu wenye miaka mitano na zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imepata asilimia 3.5. Je, Wakenya walipona? Hapana. Swali halikuwa lile lile, na waliohesabiwa hawakuwa wa umri ule ule. Ukiona magazetini tarakimu mbili zikilinganishwa, uliza kwanza kama swali lilibaki lile lile.

Nairobi nayo ina hazina ambayo wakazi wengi hawaijui. Katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, kituo cha utafiti cha APHRC kimefuatilia kaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikiandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Mwaka 2006 na 2007 wakazi wa huko wenye miaka 50 na zaidi waliingizwa katika uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika vituo vinane vya Afrika na Asia, kikiwemo cha Ifakara, Tanzania. Kwa jumla watu zaidi ya 46,000 walihojiwa. Wanawake walieleza hali mbaya zaidi ya afya kuliko wanaume, ingawa kwa kawaida wanaume ndio hufa mapema. Na wale wanaoshikilia kwamba mzee wa mjini hurudi mashambani akistaafu wangetembea Korogocho waone wazee waliozeekea pale pale.

Miaka ya karibuni kumeanzishwa pia utafiti wa Kenya wa kuwafuatilia wazee kwa muda mrefu, LOSHAK, unaohusisha Chuo Kikuu cha Aga Khan na kile cha Michigan, na hatua zake za kwanza zilifanywa Pwani. Umefuata mfano wa utafiti wa Michigan ulioanza mwaka 1992, ambao huwarudia watu wenye zaidi ya miaka 50 kila baada ya miaka miwili. Uingereza walianza wa kwao mwaka 2002, nchi za Ulaya mwaka 2004, na India waliingia uwanjani mwaka 2017. Kwa kuwa maswali yanafanana, siku moja tutaweza kumlinganisha mzee wa Kilifi na yule wa Kerala bila kubahatisha.

Kwa nini serikali ijali? Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii umewapa wazee wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, awe yule anayelima shamba lake au yule asiyeweza kugeuka kitandani. Umri ni rahisi kuhesabu, upo kwenye kitambulisho. Uhitaji hauko popote. Mpaka ujulikane wazee wangapi katika kaunti fulani hawawezi kuoga wenyewe, na wangapi hawana mtu, hakuna wa kupanga wahudumu wangapi wa afya wa kijamii wapelekwe, wala vitanda, wala nepi.

Karani akija

Muulize kitambulisho na barua ya kumruhusu. Kama ni utafiti wa kawaida ana wajibu wa kukueleza na kuomba ridhaa, nawe una haki ya kukataa au kuruka swali. Majibu yako yanalindwa na Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kwa hivyo chifu hataambiwa mama yako anajikojolea.

Mwache mzee ajibu mwenyewe kama anaweza, na kwa lugha anayoielewa. Watoto hukosea pande zote mbili: anayeishi mbali na kutuma pesa husema mama ni mzima, na anayemhudumia, akiwa amechoka, husema hawezi chochote. Kama amesahau mwaka wa kuzaliwa, msiubuni. Makarani huwa na kalenda ya matukio: alikuwa ameolewa wakati wa hali ya hatari ya 1952? Alikuwa na watoto wangapi uhuru ulipopatikana 1963? Umri unaopatikana hivyo ni bora kuliko ule wa kukadiria unaoishia na sifuri.

Na ukiulizwa nani husaidia, mtaje. Taja na saa zake.

Hesabu yako mwenyewe

Huna haja ya kumngoja karani. Andika yale mambo sita kwenye karatasi na tarehe, kisha kwa kila moja: anafanya mwenyewe, anasaidiwa, au hawezi. Rudia baada ya miezi mitatu. Ukitaka kuongeza, pima mita nne sakafuni na umwambie atembee mwendo wake wa kawaida, na fimbo yake kama anayo, nawe ukae karibu asianguke. Akizidisha sekunde tano, ni mwendo wa polepole. Au mwambie ainuke kitini na kuketi mara tano akiwa amekunja mikono kifuani. Zaidi ya sekunde 15 huashiria miguu iliyodhoofika. Viwango hivi vilipangwa na wataalamu wa Ulaya mwaka 2019 kwa kuwatazama zaidi watu wa huko, kwa hivyo vichukue kama sababu ya kumwona daktari, usivifanye hukumu.

Kinachonihangaisha zaidi kliniki ni kasi ya mabadiliko. Mzee aliyekuwa akioga Jumatatu na kufikia Alhamisi hawezi kusimama, huyo hajazeeka kwa siku tatu. Anaweza kuwa na nimonia, malaria, kiharusi au maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa wazee haya huja wakati mwingine bila homa kabisa. Au amepewa dawa mpya ya presha au ya usingizi inayomlegeza. Mlete siku hiyo hiyo. Anayeshuka polepole kwa miezi naye ana mambo ya kutafutwa: macho, magoti, misuli, huzuni baada ya kufiwa, usahaulifu. Mengi kati ya hayo yana la kufanywa.

Mkija, njoo na ile karatasi yenye tarehe, na dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja, zikiwemo za mitishamba na zile alizopewa na jirani.